Malezi ya Shosho na Katuni za Kyoto

Nani anamlea mtoto mzazi anaposhindwa? Kyoto Animation, studio ya Japani, imelishughulikia swali hili katika hadithi zake kadhaa, na kila moja ina jibu lake. Mimi nililelewa na shosho, yaani nyanya yangu, Elburgon huku mama akichuma waridi Naivasha, kwa hivyo majibu hayo siwezi kuyatazama kama mgeni.

Clannad ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2007 ikaisha Machi 2008, miezi ileile tuliyopiga kura Kenya, tukachomeana nyumba, na familia za Molo na Kuresoi zikajikuta kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Sisi tuliiona miaka mingi baadaye, tukiwekewa kwenye flashi na kijana wa duka la muvi mjini. Wengi huiacha njiani, maana mwanzo wake ni mizaha ya shule na mapenzi ya ujana. Nawasihi wavumilie mpaka After Story, msimu wa pili ulioanza Oktoba 2008.

Tomoya Okazaki na babake hawaelewani. Mama alikufa kwenye ajali Tomoya akiwa mdogo, baba akaangukia pombe, na siku moja katika ugomvi akamuumiza mwanawe bega la kulia. Tangu hapo mkono haupandi kupita bega, na ndoto ya mpira wa kikapu ikaishia hapo. Tomoya anakua, anapata kazi ya kutengeneza taa za barabarani, anamwoa Nagisa, wanapanga chumba. Kisha Nagisa anafariki anapojifungua binti, Ushio, siku ya theluji nzito. Tomoya hawezi hata kumtazama yule mtoto. Anamwachia wakwe zake, Akio na Sanae, wenye duka la mikate, na kwa miaka mitano anajizika katika kazi na pombe. Amekuwa babake, naye hajatambua.

Sanae ndiye anayeivunja hali hiyo. Anapanga safari ya familia nzima, halafu yeye na mumewe hawatokei, ikabidi baba na mtoto wasafiri peke yao. Njiani Tomoya anamnunulia Ushio roboti ya kuchezea. Mtoto anaipoteza katika shamba la maua, na anakataa katakata kununuliwa nyingine. Anainama, anapekua majani, anaendelea kutafuta. Ile ndiyo zawadi ya kwanza ambayo baba alimnunulia, na Tomoya anapolisikia hilo ndipo anapoelewa alichomnyima mtoto miaka yote hiyo.

Mahali hapohapo anakutana na mama mzee, Shino, nyanya yake mzaa baba. Shino anamsimulia habari za mwanawe: jinsi alivyooa angali kijana, akafiwa na mke, akabaki na mtoto mdogo mkononi, akapoteza kazi na marafiki, lakini hakuiacha ahadi ya kumlea mwanawe. Tomoya alikuwa akimfahamu baba mlevi tu. Huyu mwingine alikuwa amehifadhiwa na nyanya.

Hapo ndipo Clannad inaponigusa. Tukizungumzia shosho wanaolea wajukuu, kuanzia Njoro mpaka Mau Summit, tunazungumzia uji, karo na viatu vya shule. Tunasahau kwamba shosho pia ndiye anayeujua ujana wa wazazi wetu. Baba yangu nilimjua kama mtu wa hasira na maneno machache. Shosho ndiye aliyeniambia, tukimenya viazi jikoni, kwamba alitoka shule Kidato cha Pili babu alipofariki, akaenda kupakia magogo ili wadogo zake wasome, na wote walisoma. Hakuwahi kuyataja mwenyewe. Hasira yake haikupungua kwa sababu mimi nimejua, lakini siku hizi naweza kuketi naye.

Violet Evergarden, ya mwaka 2018, ina jibu jingine. Violet ni msichana aliyekulia vitani, ambaye sasa kazi yake ni kuwaandikia watu barua. Katika kipindi cha kumi, mama mgonjwa anamwajiri amwandikie bintiye Ann barua 50, zifike moja kila siku ya kuzaliwa, mama akiwa kaburini. Watu hulia sana hapa, nami nililia. Lakini aliyeniuma zaidi ni Ann mdogo, anayewaka kwa hasira kwamba mama anazimalizia siku zake chache kwenye makaratasi badala ya kukaa naye. Nawajua watoto Nakuru ambao mama zao wako Saudia na Qatar, wanaopata sauti kwenye simu kila jioni na pesa kila mwisho wa mwezi. Barua za Ann ni upendo wa kweli. Hasira yake nayo ni ya haki.

Wakosoaji wengi huipita haraka Miss Kobayashi's Dragon Maid ya mwaka 2017, kwa kuwa ni vichekesho. Mwelekezi wake, Yasuhiro Takemoto, ni mmoja wa watu 36 waliouawa studio ilipochomwa moto na mtu tarehe 18 Julai 2019. Ndani ya vichekesho hivyo kuna Kobayashi, mwandishi wa programu za kompyuta, na Kanna, joka mdogo aliyehamia kwake kama mtoto. Kanna anataka Kobayashi aje kwenye michezo ya shule. Kazi zimemlemea, lakini anazimaliza kwa nguvu mpaka anafika uwanjani. Hakuna muujiza. Clannad inamaliza kwa kumrudisha Nagisa kimuujiza, na hapo mimi huiacha mkono, kwa sababu nawajua waliozikwa mwaka 2008.

Kile kipindi cha michezo nilikitazama na mama, ambaye sasa amestaafu. Michezo yangu ya muhula wa kwanza hakuwahi kuiona, maana ilikuwa ni wiki za kuelekea Valentine, na waridi halingojei. Alitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Kobayashi alikatwa mshahara wa siku ile. Nikamwambia hawakuonyesha. Akasema hilo ndilo walilopaswa kuonyesha.