Kafi, Pumzi na Umri wa Miaka 46



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi wapenzi, mara nyingi hapa tunazungumzia malezi, elimu na ibada. Leo naomba nizungumzie kiwiliwili, maana nacho ni amana tuliyopewa. Suala lenyewe ni hili: mtu aliyekwisha kuvuka miaka 40 anawezaje kuongeza kasi ya kupiga kafi, wakati mwili wake wote unataka kupunguza mwendo?

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Rumonge. Kazi yetu ni ya kukaa. Tunakaa mkekani asubuhi, tunakaa alasiri, na baina ya Maghrib na Isha tunakaa tena. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, naye alikuwa mwalimu. Alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 52, akaishi miaka minne zaidi bila kuweza kushika kalamu. Kwa hiyo mwaka 2024 nilipopimwa presha ikaonekana ni 158 kwa 98, sikuhitaji kuelezwa sana. Muuguzi alinipa vidonge, akaniambia nitafute zoezi ambalo sitalichoka baada ya wiki mbili.

Kwa mtu wa Rumonge zoezi hilo liko mlangoni. Wavuvi wetu wa ndagala hutoka na taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Jirani yangu ni mmoja wao, na ana mtumbwi mdogo ambao mchana hauna kazi. Nilianza Muharram 1446, yaani Julai 2024, mwaka ule ambao ziwa lilifurika na kuingia katika nyumba za watu wa ufukweni. Njia yangu ni kama kilomita 2, sambamba na ufuko. Siku ya kwanza nilitumia dakika 28. Watoto wa madrasa waliokuwa wakichota maji walinitazama mpaka mwisho, na mmoja akasema, "Ustadhi, hata bata wamekupita!"

Mdogo wangu ana miaka 43 na anaishi Ubelgiji. Huko wakati wa baridi yeye hupiga makasia ndani ya nyumba, juu ya mashine. Mtu hukaa kwenye kiti kinachoteleza, miguu imefungwa mbele, akavuta mpini wenye mnyororo, na gurudumu lenye mapezi likazunguka na kukata hewa. Kioo kidogo humwonyesha kasi yake. Mashine hizi zimeenea duniani tangu kampuni ya Concept2 ya Marekani ilipotoa ya kwanza mwaka 1981, na yako mashindano yake ambamo watu hupangwa kwa umri. Kipimo kinachojulikana zaidi ni mita 2,000, sawa na mbio za makasia za Olimpiki. Yeye alianza na dakika 9 na sekunde 10. Tukakubaliana kutumiana nyakati zetu kila Ijumaa baada ya Swala. Hapo ndipo nilipojifunza mambo haya manne.

Kwanza, kasi ina bei kubwa. Maji hayampi mtu kasi bure. Ukitaka kwenda haraka zaidi kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inayotakiwa huongezeka karibu kwa theluthi moja. Ukitaka kasi mara mbili, unahitaji nguvu kama mara nane. Gurudumu la mashine linalokata hewa lina hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa makamo asivunjike moyo akiona sekunde zinapungua kwa uchache, kwani nyuma ya kila sekunde kuna kazi nyingi.

Pili, kasi hujengwa kwa mwendo wa polepole. Wanaotafiti mwili wanatueleza kwamba baada ya miaka 30 hivi uwezo wa kutumia oksijeni hupungua kama asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na hupungua taratibu zaidi kwa anayefanya. Mdogo wangu alinifundisha mpango wa wapiga makasia: katika mazoezi matano, manne yawe mepesi na moja tu liwe la nguvu. Wengine hupima wepesi kwa mapigo ya moyo, wakitoa umri katika 220 na kubaki chini kabisa ya hesabu hiyo. Mimi nina kipimo changu. Nikiwa mtumbwini husoma yale niliyohifadhi, na ikiwa naweza kumaliza aya bila pumzi kukatika mahali pasipofaa, mwendo ni mwepesi. Pumzi ikikatika, napunguza. Siku ya nguvu ni Jumatano: dakika mbili kwa bidii, dakika mbili za kupumzika, mara sita.

Wanafunzi wangu wa hifdhi hawataona ajabu mpango huu. Anayehifadhi hatumii siku yake yote kwa somo jipya. Somo jipya ni nusu ukurasa, na marudio ni juzuu nzima. Anayekimbilia jipya kila siku huamka akakuta la jana limepotea. Mwili wa miaka 46 nao ni hivyo hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ni marudio. Miezi mitatu ya mwanzo muda wangu haukupungua hata nusu dakika, na kilichonizuia kuacha ni kwamba nimeona wanafunzi wengi wakikaa miezi namna hiyo kabla ya ulimi kufunguka.

Tatu, mikono si ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kwenye mashine nguvu nyingi hutoka miguuni: miguu husukuma, kisha mgongo, na mikono humalizia. Katika mtumbwi, mzee mmoja mvuvi aliniambia, "Mwalimu, usiyachape maji. Yashike." Maana yake kafi liingie mbele kabisa bila kurusha maji, miguu ikaze ubao, kiwiliwili kigeuke, na kafi litoke linapofika usawa wa nyonga. Na wakati wa kuvuta, toa pumzi. Kubana pumzi huku unavuta hupandisha presha, na hilo kwa mtu kama mimi si mchezo.

Nne, kipimo kiwe cha haki. Mashine haina upepo, na hapo mdogo wangu ana nafuu. Kwetu, kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi hubadilisha kila hesabu. Kwa hiyo nina siku moja ya kipimo kila mwezi, asubuhi ya maji kutulia, kwenda na kurudi. Siku nyingine saa naiacha nyumbani. Siku ninazofunga, na Ramadhani yote, hupiga kafi polepole tu, nusu saa kabla ya futari.

Leo njia ile ile ninaikata kwa dakika 25 na nusu. Mdogo wangu amefika dakika 8 na sekunde 35. Presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 136 kwa 86, na vidonge sijaviacha, kwani wa kuamua hilo ni daktari. Wanafunzi wangu wa miaka 17 bado wananishinda tukishindana. Sioni vibaya. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akashindwa na siku nyingine akashinda, naye alikuwa amekwisha pita miaka 50. Kushindana nyumbani kwa furaha ni sunna tuliyoiacha.

Mwisho, nasaha. Aliyezidi miaka 40 apimwe presha kabla ya kuanza. Ziwani usiende peke yako wala kabla hakujapambazuka, maana viboko na mamba wapo, na jaketi la kujiokolea livaliwe hata na anayejua kuogelea. Asiye na mtumbwi, kuna kubeba bidoni ya maji, na kuna kukaa na kusimama kwenye kigoda mara 20. Na enyi wanafunzi, mkimwona baba anatoka kutembea jioni msimcheke, tokeni naye. Mimi ningependa sana kumpata wangu leo, nikae naye mtumbwini, yeye mbele na mimi nyuma, hata kama bata wote wa Rumonge wangetupita.