Siku Tatu kutoka Mombasa

Wengi hutoka Mombasa hadi Nairobi kwa siku moja. Sisi, mama na binti, tulitumia siku tatu, wala hatujuti.

Agosti 2025 tulishuka pwani kwa treni kuchukua gari la umeme lililotumika Japani, Nissan Leaf la mwaka 2018. Tulilinunua kwa mkopo wa ushirika, liwe teksi ya binti. Lakini hatukuwa tukielewana. Mwaka uliotangulia binti aliacha chuo cha uuguzi, kazi ya mama yake, akaenda kusomea ufundi wa umeme. Mle treni tulizungumza habari za chakula tu.

Bandarini wakala alitaka tutie sahihi upesi. Binti alikataa mpaka aliwashe gari na kuhesabu vistari vya afya ya betri kwenye dashibodi. Betri nzima huonyesha vistari 12. Yetu ilikuwa na 11. Akina mama wenzetu, mkinunua gari la namna hii hesabuni kwanza, kwa maana betri ndiyo kitu ghali.

Kwa kuwa barabara ni ya kupanda, tuliigawa safari: Voi, Makindu, halafu nyumbani. Kupita Mariakani gari lilikata nyika ya Taru kimya kabisa. Kule Voi mwenye nyumba ya wageni aliogopa bili ya stima. Tukapatana shilingi 1,000. Soketi ya kawaida huchaji polepole, kwa hiyo gari lilikesha kwenye waya. Binti aliamka mara tatu kugusa plagi aone kama imepata joto. Mama alikuwa macho, akazitambua nyayo zile. Ndivyo muuguzi wa zamu ya usiku anavyozunguka wodini.

Siku ya pili tuliwaona tembo wa Tsavo, wekundu kwa vumbi. Upepo ulivuma kutoka mbele, na baada ya Mtito Andei chaji ilishuka kupita hesabu yetu. Tulizima kipoza hewa, tukafungua madirisha, tukaenda kilomita 60 kwa saa huku malori yakitupigia honi. Hapo ndipo tulipozungumza. Binti alisema hakuacha chuo kwa uvivu. Mgonjwa wake wa kwanza alifia mikononi mwake, na tangu hapo alitetemeka kila alipovaa sare. Aliogopa kumwambia mama. Mama naye aliomba msamaha kwa kumwita mvivu mbele ya jamaa. Tulilia kidogo, tukaendelea. Makindu tuliingia na asilimia 9.

Mjini hapo pana hekalu la Wasikh, ambao tumezoea kuwaita Makalasinga. Lilijengwa mwaka 1926, zama za reli, na mpaka leo msafiri yeyote hupewa chakula bure. Tulikula chapati na dengu, tukanywa chai. Hakuna aliyetuuliza dini yetu.

Siku ya tatu tulipanda taratibu kupitia Emali na Sultan Hamud, tukafika nyumbani jioni, tukapiga magoti sebuleni kushukuru.

Wale wanafunzi wawili wa Emau walizungumza njiani kwa sababu walitembea kwa miguu. Mama mwenzetu, kama mtoto wako ameshika njia usiyoitaka, tafuta safari ndefu mwende naye, tena polepole. Usianze na mawaidha. Msikilize kwanza.