Mgeni Anakuja Kuona Nini?

Kila mwaka bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii inaposomwa bungeni, hesabu inayosubiriwa kwa hamu ni ya wageni walioingia nchini. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, walioingia Tanzania walikuwa 620,000 na ushee. Mwaka 2023 walizidi milioni 1.8. Katikati hapo Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki katika filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, na sina ubishi na wanaosema kwamba filamu ile ilisaidia. Shaka yangu iko kwingine. Tangazo humfikisha mgeni uwanja wa ndege, basi. Baada ya hapo yuko mikononi mwetu, na nje ya mbuga na fukwe tuna mambo makubwa ambayo hayana wa kuyasemea.

Nitatoa mfano wa kusini, ambako huwapeleka wanafunzi wangu mara kwa mara. Kilwa Kisiwani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara. Mwaka 2004 ikatangazwa kuwa hatarini, na ikachukua miaka kumi ya ukarabati hadi kuondolewa katika orodha hiyo ya aibu. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji. Ikulu ya Husuni Kubwa, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari, ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pande nane. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Sarafu ya sultani wa Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota nyingine katika kisiwa kilicho kaskazini mwa Australia. Hadi leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko.

Nchi yenye kisa kama hicho ingetarajiwa kukitangaza kutwa kucha. Katika safari yetu moja tuliwakuta wageni wawili wa makamo, mume na mke, wamesimama ndani ya Msikiti Mkuu. Kijana aliyewaongoza, mzaliwa wa kisiwa hicho, aliwatajia miaka na majina ya masultani kama alivyoyakariri. Mama yule akauliza: watu hawa walikula nini, walivaa nini, waliishije? Kijana akasita kidogo, kisha akaanza kuwasimulia alichokisikia kwa bibi yake: namna mgeni kutoka Shirazi alivyokinunua kisiwa kizima kwa nguo, doti baada ya doti, hadi nguo zikatosha kukizunguka chote. Mama akatoa daftari. Wanafunzi wangu nao wakasogea, maana wengi wao walikuwa wamefaulu somo la historia bila kukisikia kisa hicho. Walibaki pale zaidi ya saa nzima, hata nahodha akaanza kulalamika kwamba maji yanakupwa.

Baadaye nilimwuliza kijana analipwaje. Akasema halipwi mshahara. Hupata chochote siku mgeni akija, na wasipokuja huenda kuvua. Basi utajiri wote ule wa maneno unategemea samaki wamekula au hawakula!

Magofu haya yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Sisemi kwamba mamlaka hiyo haifai. Usafiri na ulinzi inaujua kuliko idara nyingi. Ila mpangilio wenyewe unaonyesha fikra zetu: hata msikiti wa kale tunaupokea kama aina ya mbuga, kitu cha kulindwa na kutazamwa kwa mbali, tukisahau kwamba huu unahitaji msimulizi.

Na tusiposimulia sisi, watasimulia wengine. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, majivu ya Vita vya Majimaji yakiwa bado hayajapoa, Wajerumani waliajiri mamia ya wenyeji kufukua mifupa ya dinosaria, na mizigo ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi wa Tendaguru amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin, urefu wake mita 13 na ushee, na watoto wa shule hupangwa mistari kumtazama. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wanasayansi wamempa heshima ya kuita dinosaria mmoja kwa jina lake. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakiwemo waliotoka Lindi, kama wamewahi kulisikia jina hilo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mjadala wa kuirudisha mifupa ni mrefu na una pande nyingi, nami leo sitauingia. Lakini kumjua Boheti na kumwandika hakuhitaji ruhusa ya Berlin.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakazi wa Kisiwani wanaishi katikati ya magofu, na sheria inawakataza, kwa haki kabisa, kuchukua hata jiwe moja la kujengea. Wanaulinda urithi wa dunia kwa gharama yao wenyewe. Nikiwa na sauti katika bajeti, ningeanza na mishahara ya waongozaji kumi wa hapo kabla ya bango jingine katika uwanja wa ndege wa Ulaya.

Sauti hiyo sina, kwa hiyo tumeanza na tunachokiweza. Mwaka huu wanafunzi wangu hawataandika ripoti za kurasa 40 za kulala kabatini. Wamekaa na wazee wa Kisiwani, wamerekodi visa, na wametunga kijitabu cha kurasa 24 kwa Kiswahili na Kiingereza, mapato yake yagawanywe kwa waongozaji. Mpiga chapa amekwishatupa bei. Barua ya kuomba kukiuza gatini Kilwa Masoko imepita ofisi tatu na sasa inasubiri sahihi ya nne. Miongoni mwenu wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma, huenda mmoja anaijua meza iliyolalia.