Ko! Kisa cha pikapu ya Baba

Najua niliahidi kuendelea na masomo yetu ya hifadhidata, lakini kwa muda sasa akili yangu haikuwa huko. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu. Hifadhidata itangoja. Leo nina kisa cha kelele, na kosa lililomo ndani yake ni langu mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Baba anaishi Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita. Analima kabeji na nyanya, na mara mbili kwa wiki anapakia pikapu yake, Hilux ya zamani kidogo, anateremka Mwatate kisha Voi. Wanaoijua barabara ile hawahitaji kuelezwa. Ni lami, lakini ni kona juu ya kona, huku mlima, huku bonde. Ukiiacha lami, njia ya kwenda shambani ni mawe na mitaro iliyochimbwa na mvua, na tumbo la gari lilikuwa likikwaruza chini kila msimu. Ndipo tukakata shauri tuliinue kwa inchi 2.

Seti ya kuinulia si kitu cha ajabu. Mbele unaweka springi ndefu zaidi na shokomzoba zinazolingana nazo. Nyuma, ambako springi ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, unaongeza bapa moja na kubadilisha yale maboliti yenye umbo la U yanayozifunga springi kwenye ekseli. Tuliifanya kazi hiyo Jumamosi moja nyumbani, mimi na fundi kutoka Voi. Yeye alijua magari. Mimi nilijua kusoma maagizo.

Siku ya tatu nikiwa Mombasa kazini, simu ikalia. "Mwanangu, gari lako linagonga." Angalieni, lilikuwa limeshakuwa gari langu.

Kelele yenyewe ilikuwa ko! moja, kavu, kutoka mbele. Nami nikafanya jambo ambalo kazini ningemgombeza mtu kwa kulifanya: nikabahatisha. Nilisoma mahali kwamba gari likiinuliwa, vyuma vidogo vinavyounganisha ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona hukaa vibaya na kugonga. Ni kweli, hutokea. Nikanunua vipya viwili kwa shilingi 5,000 nikavipeleka. Ko! ikabaki pale pale. Nikamwambia Baba abadilishe hiki, apake grisi kile. Ko!

Nilipoishiwa na vitu vya kununua, nikampata wa kulaumu. Nikamwambia Baba kwamba yule fundi alifanya kazi ya harakaharaka. Fundi alikuwa bado anatudai shilingi 3,000. Baba, ambaye ananiamini kwa sababu nimesoma, akazizuia.

Wiki iliyofuata akanipigia tena. Safari hii hakutaja kelele. "Nikikanyaga breki kwenye kona, usukani unavuta kushoto." Niliijua kona aliyokuwa akisema, na upande wa kushoto kuna nini. Nikamwambia aliegeshe, asilipeleke hata sokoni. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Njiani nilijiuliza: kama hii ingekuwa programu, ningeanza wapi? Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba hutengenezi kosa usiloweza kulirudia kwa kutaka. Basi asubuhi nilichukua daftari, nikaliendesha gari polepole pale uwanjani kwetu tu, nikaandika:

- Kupita juu ya jiwe: mara inalia, mara hailii.
- Kukata kona bila breki: kimya.
- Kwenda mbele na kukanyaga breki: ko!
- Kwenda mbele na kukanyaga breki tena: kimya.
- Kurudi nyuma na kukanyaga breki: ko!
- Kwenda mbele tena na breki: ko!

Soma mstari wa tatu hadi wa sita taratibu, maana jibu karibu lote limo humo. Kitu kilichochakaa tu hugonga kila mara. Hiki kilikuwa kikigonga mara moja kisha kinakaa kimya mpaka kisukumwe upande wa pili. Maana yake kuna kitu kinachohama mbele na nyuma, na kikishahama kinabaki kilipo. Kilikuwa na kumbukumbu, kama kigezo ndani ya programu kinachobadilishwa na kuachwa hivyo.

Baada ya hapo ni kugawanya na kuondoa. Nilifungua ile fimbo ya mbele pande zote mbili, nikazunguka uwanjani kwa mwendo wa miguu. Ko! Basi si fimbo, na shilingi 5,000 zangu zimeliwa na upepo. Nikalipandisha gari, nikaliweka juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi, tafadhali, jeki huteleza). Nikakagua breki zenyewe, kwa sababu pedi zilizolegea nazo hugonga hivyo hivyo. Zilikuwa imara. Ikabaki mikono ya chini, vile vyuma vipana vinavyoishika gurudumu isiende mbele wala nyuma.

Kwa macho kila boliti ilionekana imekaza. Basi nikamwomba dada yangu rangi ya kucha, nyekundu. Nikachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila boliti hadi kwenye chuma kinachoishikilia, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Nikaliteremsha gari, nikalipeleka mbele na kurudi nyuma mara ishirini hivi nikikanyaga breki. Kisha nikarudi chini na tochi.

Mistari yote ilikuwa mizima isipokuwa mmoja. Mkono wa chini wa kushoto, boliti ya nyuma. Mstari ulikuwa umekatika, na nusu mbili zimeachana kwa upana wa njiti ya kiberiti.

Nililala pale chini nikiutazama. Sikuwa natafuta tena kosa liko wapi. Nilikuwa nakumbuka ile Jumamosi.

Kwenye mikono ile kuna bushi. Bushi ni mpira uliogandishwa kati ya bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Ukishakaza boliti, bomba la ndani halizunguki tena. Mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga na kujinyoosha. Kwa hiyo boliti hizo hazikazwi gari likining'inia hewani. Unazifunga kwa mkono tu, unaliteremsha gari lisimame kwa magurudumu yake, ndipo unakaza. Ukikaza hewani, mpira unadhani kule chini ndiko nyumbani, na gari likisimama unabaki umenyongwa usiku na mchana mpaka uchanike.

Fundi alinieleza hayo yote siku ile. Mvua ilikuwa inakuja. Yeye alikuwa upande wa kulia. Mimi, nikitaka kumsaidia tumalize, nilikaza upande wa kushoto gari likiwa bado juu, nimelala chali, kwa spana fupi, bila kupima nguvu. Gari lilipofika chini alizunguka akikaza moja moja. Alipofika kushoto akaniuliza, nami nikajibu, "Hizo nimeshafunga."

Zilikuwa zimefungwa, ndiyo, lakini boliti ile haikuwa imebanwa vya kutosha, basi kila breki iliusogeza mkono, gurudumu likatoka kwenye mstari wake, usukani ukavuta. Nilipoifungua, bushi ilikuwa imeanza kuchanika ukingoni.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kununua vile vyuma vya bure. Bushi mpya, gari chini mahali tambarare, tukalitikisa likae sawa, kisha tukakaza kwa spana ya kupimia kulingana na kitabu cha gari. Pande zote mbili. Halafu polepole hadi Voi kupanga magurudumu upya, jambo ambalo ni lazima kila ukiinua gari.

Na Voi ndiko aliko fundi. Nilimkuta amekaa juu ya tairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile kelele umeipata?"

Nikamweleza yote, pamoja na niliyomwambia Baba juu yake. Alisikiliza akijifuta mikono. "Kijana, mimi nilikuuliza, ukasema umefunga," akasema. "Na mimi nina kosa. Ningeweka spana yangu juu yake hata hivyo."

Sikuwa nimetegemea hilo. Kazini tunaita kukagua kazi ya mwenzako, na tunaifanya hata kwa mtu tunayemwamini. Nikampa zile 3,000 na kumwomba radhi. Jioni nikamwambia Baba ukweli, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko boliti. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimemlipa mzee wa watu. Nikasema ndiyo. Akasema haya, tupakie kabeji.

Kwa wenye mpango wa kuinua magari yao: andika kelele inalia lini kabla ya kununua chochote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kaza maboliti ya bushi gari likiwa chini, na baada ya kilomita 500 hivi kagua yote tena, hasa yale ya springi za nyuma. Na weka rangi ya kucha kwenye sanduku la spana. Mistari yangu myekundu bado iko pale, na nikienda nyumbani huikagua kabla hata ya kunywa chai. Mpaka leo ni mizima.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Safari hii kweli.