Nesi na Viko Vyake (Sehemu ya 9)

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya presha. Leo natimiza ahadi, maana wengi mmeiona ile picha ya kabati langu na mmeniuliza swali moja: nesi anayekataza watu tumbaku, iweje awe na viko 11 nyumbani?

Sivuti, na sijawahi kuvuta. Navipenda viko kama vyombo, hasa vya kibuyu, vile vyenye shingo iliyopinda. Ngoja nikueleze kilivyo, ndipo utaelewa kwa nini nahangaika navyo.

Kiko cha maji cha zamani kina sehemu zake, na kila moja ina jina la Kiswahili. Bori ni kile kikombe cha udongo kinachowekwa tumbaku na moto. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori mpaka ndani ya maji. Chombo chenye maji, kibuyu kidogo au kifuu cha nazi, ndicho hasa kiko chenyewe. Shilamu ni mrija wa kwenda mdomoni. Na ile sauti ya maji yanapobwabwaja mtu akivuta inaitwa malio ya kiko. Yaani wazee wetu walikipa chombo jina hadi la kilio chake!

Kuna na kiko cha kibuyu kisicho na maji, kilichopata sifa kutoka Afrika Kusini. Ile shingo haichongwi. Kibuyu kinapindishwa kingali kichanga shambani, kinategemezwa kwa kipande cha ubao, kinakua kikifuata pale kilipoelekezwa. Kikikauka kinakuwa chepesi, na ndani kina uwazi ambamo moshi unapoa kabla ya kufika mdomoni. Juu yake wanapachika kikombe cha jiwe jeupe ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari. Wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Ni jepesi kiasi kwamba likiwa kavu linaelea majini.

Sasa usidhani jiwe hilo ni la ughaibuni tu. Linapatikana Sinya, wilayani Longido, karibu na mpaka wa Kenya upande wa Amboseli. Kuanzia miaka ya 1950 palikuwa na kiwanda Arusha kikitengeneza viko vya jiwe hilo, na vingine vya mti vilivyowekewa jiwe hilo ndani, na vikauzwa hadi Ulaya. Chapa yao moja iliitwa Kiko, ina alama ya tembo. Mimi ninacho kimoja. Nilikikuta hapa hapa Mafinga kwenye mitumba, chini ya rundo la mikanda, nikauziwa shilingi 4,000. Muuzaji hakujua ni nini, na mimi sikuwa na haraka ya kumwambia.

Haya, sasa nije kwenye kazi yangu.

Jiwe lile likiwa jipya ni jeupe kama unga wa sembe. Kadiri mtu anavyovuta, linanyonya unyevu na mafuta ya moshi. Linageuka rangi ya asali, kisha kahawia. Wapenzi wa viko wanaisifia sana rangi hiyo. Mimi nikiitazama naona kitu kingine. Kilichonyonywa na jiwe ni sehemu tu ya moshi. Uliobaki ulipita ukaenda kwa mwenye kiko, na mapafu yake hayana jiwe la kuyakinga.

Moshi uliopoa haukwaruzi koo, ndiyo maana mzee atakwambia, "Hiki cha kwangu hakina shida, sista, ni kilaini." Ulaini ni wa kooni tu. Maji na kibuyu vinapoza moshi, haviondoi sumu. Hata shisha, ambayo Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016, ni ukoo mmoja na kiko cha maji. Kiko kinaleta saratani ya mdomo, ya ulimi, ya koo na ya mapafu. Na anayevuta tumbaku anaipa TB mlango.

Ndipo linapokuja swali. Ukimuuliza babu, "Unavuta sigara?" atajibu hapana, na hajadanganya hata kidogo. Ameulizwa sigara, amejibu sigara. Viko vimenifundisha kuuliza hivi: "Shikamoo babu. Tumbaku unaitumia vipi? Kiko, msokoto, au ugoro?" Hapo anacheka, na mazungumzo yanaanza.

Mzee mmoja alinijibu kwa kutoa kiko chake kwenye koti. Kibuyu kimeng'aa kwa kushikwa miaka yote hiyo. Kilikuwa cha baba yake. Alitaka kuacha, lakini kukitupa alishindwa, na mimi nilimwelewa kabisa. Nikamwambia, "Nikutunzie, babu. Sikichukui, nakutunzia." Tukaandikiana karatasi. Ndivyo viko vinne kati ya vile 11 vilivyofika kwangu. Kila kimoja kina karatasi yake, na mwenyewe akikitaka anapewa. Mmoja alirudi baada ya miezi miwili akakidai. Nilimpa, ni chake. Tukakubaliana tarehe ya kuja kupimwa, na alikuja. Bado anavuta, ila sasa kwa ratiba anayoipunguza mwenyewe.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki: ukimdharau mzee kwa sababu ya kiko chake, atakificha, na kikohozi atakificha pia. Sifia kiko, hata kama moshi unaukataa.

Kwa hiyo jioni ya leo, baridi hii ya Mafinga ikiwakusanya jikoni, muulize bibi au babu swali lile la njia tatu. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kidonda cha mdomoni kisichopona kwa muda huo, mlete kituoni. Vipimo na dawa za TB ni bure. Na kiko chake aje nacho, nami nitakiangalia kwa heshima zote.

Sehemu ya 10 tutazungumzia ugoro. Najua kuna mabibi watanikasirikia. Kamwene.