Nilimtengea Mume Wangu Kikombe

Nakiri, mpenzi msomaji: niliwahi kumwogopa mume wangu.

Baba Nuru ana saratani ya damu. Akiwa kwenye dawa za saratani alianza kukohoa, homa za usiku, jasho hadi shuka zinalowa chapachapa. Makohozi yakapimwa kwa hadubini, vikaonekana vimelea kama vya TB. Akaanzishiwa dawa. Mtaani nao wakasema lao: "Huyo kakanyaga miwaya." Na mimi, pamoja na digrii yangu ya mawasiliano, nikamtengea kikombe na sahani, nikahamia chumba cha watoto. Hakuuliza kitu. Akawa anaosha kikombe chake mwenyewe na kukiweka mbali na vya wengine. Iliniuma, lakini woga ulinizidi.

Kumbe kipimo cha vinasaba kilikataa kuwa ni TB. Ikabidi makohozi yaoteshwe maabara, tukasubiri wiki kadhaa. Majibu yakaja: ni bakteria wa ukoo mmoja na wa TB, ila sio TB yenyewe. Daktari akatueleza kuwa ukoo huo una aina zaidi ya 100, na nyingi zinaishi kwenye udongo na maji, hata ya bomba. Mimi na wewe tunakutana nazo kila siku na miili yetu inazimudu. Mwenye saratani ya damu, chembe zake nyeupe hazipigani vizuri, na dawa za saratani huzipunguza zaidi. Hapo ndipo bakteria hao wanapata upenyo.

"Anaweza kuniambukiza?" niliuliza, mwenyewe kakaa pembeni yangu.

"Kwa kawaida hawa hawatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Na hata TB huambukizwa kwa hewa, sio kwa kikombe."

Sikuweza kumtazama usoni. Usiku ule nilirudi chumbani kwetu, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo: "Mama Nuru, kukohoa nilishazoea. Kulala peke yangu ndio kulinishinda."

Dawa zilibadilishwa, akazimeza zaidi ya mwaka mzima.

Sisemi upuuze kikohozi. Kikifika wiki mbili nenda kapime, na mgonjwa wa saratani ya damu asisubiri hata hizo. TB inaambukiza kweli, naye anaweza kuipata. Ila kabla hujamhama mwenzio, muulize daktari ni mdudu gani na anaambukiza vipi. Mimi niliuliza nikiwa nimeshahama.