Shetland: Visiwa vya Paka na Sindano za Kufumia

Jioni meli ya abiria hung'oa nanga katika bandari ya Aberdeen, mashariki ya Uskoti, ikakata maji usiku kucha kuelekea kaskazini. Kunapokucha, abiria waliosumbuliwa na mawimbi huona mbele yao nchi ya chini isiyo na misitu, yenye majani mafupi, mawe mengi, na kondoo kila upande. Hiyo ndiyo Shetland. Visiwa vyake ni kama 100, lakini vinavyokaliwa na watu ni 16 hivi, na wakazi wote hawazidi sana 23,000. Mji wao mkubwa ni Lerwick. Wakati wa kiangazi usiku hauingii giza la kweli. Wakati wa baridi jua huonekana kwa muda wa saa sita tu, kisha huzama, na watu hurudi ndani ya nyumba zao kungoja siku nyingine.

Zamani visiwa hivi vilikuwa chini ya mfalme wa Denmark na Norwei. Mwaka 1469 mfalme huyo alimwoza binti yake kwa mfalme wa Uskoti, na kwa desturi ya huko baba wa bibi arusi ndiye aliyetakiwa kutoa mali. Fedha zikampungukia, akaviweka visiwa rehani. Rehani hiyo haikukombolewa hata leo, na ndiyo maana watu wa Shetland ni raia wa Uingereza, ingawa maneno mengi ya lugha yao ya nyumbani yana asili ya Kinorwei.

Katika maandishi ya kale ya Waairishi, Shetland iliitwa Inse Catt, yaani Visiwa vya Paka. Wataalamu husema paka huyo hakuwa mnyama, bali ni jina la kabila lililokaa pande hizo. Hata hivyo mgeni aingiaye katika nyumba ya mkulima wa Shetland hatakosa kumkuta paka wa kweli, kwa kuwa penye nafaka na sufu pana panya. Wavuvi wa zamani walimwogopa kwa namna yao: walipokuwa baharini ilikuwa mwiko kumtaja paka kwa jina lake, na walimwita kwa majina ya kuzunguka ili wasijiletee balaa. Nchi kavu hakuna aliyemwogopa. Mahali pake palikuwa karibu na moto, miguuni pa mwanamke anayefuma.

Mwanamke huyo ndiye aliyezilisha nyumba nyingi za Shetland. Mume alikuwa baharini, shamba lilikuwa dogo, na udongo haukuwa na rutuba. Kwa hiyo mkewe alilima, akachunga, akakata mboji ambayo hukaushwa na kuchomwa kama kuni, na katika kazi hizo zote mikono yake haikuacha kufuma. Kiunoni alivaa mshipi wa ngozi wenye mto mdogo uliojazwa singa za farasi na kutobolewa matundu mengi. Ncha ya sindano moja huingizwa katika tundu ikashikwa imara, na mkono wa kulia unabaki huru kurusha uzi. Zipo picha za kale zinazowaonyesha akina mama wakitembea na makapu ya mboji mgongoni huku wakifuma njiani. Mshipi huo unatumika hadi sasa, na wanaoumudu hufuma kwa kasi ya kushangaza.

Jinsi ufumaji huu ulivyo wa zamani ilijulikana kwa ajali. Mwaka 1951, mahali paitwapo Gunnister, watu waliokuwa wakikata mboji walichimbua mwili wa mtu aliyezikwa humo mwishoni mwa karne ya 17. Mifupa ilikuwa karibu yote imeliwa na udongo, lakini mavazi yake ya sufu yalikuwa mazima: koti, soksi, kofia, glavu. Mfukoni alikuwa na kijaluba cha kufumwa chenye mistari ya rangi, na ndani yake sarafu tatu za Uholanzi na Uswidi. Hakuna polisi aliyeweza tena kusema alikuwa nani wala alikufaje. Lakini kijaluba chake ndicho kielelezo cha zamani kuliko vyote cha ufumaji wa rangi uliopata kuonekana Shetland.

Kondoo wa huko ni wadogo na wavumilivu, na sufu yao ni laini sana. Hapo zamani hawakukatwa manyoya kwa mkasi. Mwanzoni mwa kiangazi sufu hulegea yenyewe, na watu waliing'oa kwa mikono polepole bila kumwumiza mnyama. Aidha, hawa si kondoo weupe peke yao. Wamo weusi, wa kijivu, wa kahawia nyekundu, na wenye mabaka, na kila rangi ina jina lake. Mfumaji maskini aliweza kufanya sweta ya rangi nne au tano bila kutumia rangi yoyote ya dukani.

Lakini macho ya binadamu hutamani nyekundu na buluu, na hapo ndipo inapoanza kazi ya kutia rangi, ambayo baadhi ya akina mama wa Shetland bado wanaifanya majikoni mwao. Juu ya mawe ya visiwa hivi huota viumbe vidogo, vikavu, vinavyofanana na ukungu uliogandamana. Aina moja ya kijivu, ikipangwa na sufu ndani ya sufuria, tabaka kwa tabaka, na kuchemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, hutoa kahawia yenye wekundu isiyopauka upesi, na hata dawa ya kushikisha rangi haihitajiwi. Aina nyingine hutoa zambarau, lakini hiyo ilitaka uvumilivu wa pua: ililowekwa kwa majuma kadhaa ndani ya mkojo uliochacha, kwa sababu mkojo wa namna hiyo una amonia, nayo amonia ndiyo inayoifungua rangi. Viumbe hivi hukua polepole mno, pengine milimita chache tu kwa mwaka, na mtu mwungwana huokota kidogo, hasa vile vilivyoanguka vyenyewe.

Kwa rangi nyingi nyingine ni lazima sufu ichemshwe kwanza na shabu. Kipimo cha kawaida ni kama gramu 10 za shabu kwa gramu 100 za sufu kavu. Mizizi ya mmea uitwao madda hutia nyekundu, lakini maji yakipata moto kupita kiasi wekundu unageuka kahawia, na kazi ya siku nzima huharibika. Jambo jingine la kuogopwa ni kuihamisha sufu ghafla kutoka maji ya moto kuingia ya baridi, au kuivuruga sana. Nyuzi hushikana, zikawa kama blanketi gumu. Ya ajabu kuliko zote ni nili. Sufu hutolewa katika pipa la nili ikiwa na rangi ya kijani iliyo karibu na manjano, na mtazamaji asiyejua hudhani imekosewa. Mara hewa inapoigusa huanza kugeuka, kwanza kingo, kisha yote, na baada ya dakika chache imekuwa buluu. Akitaka buluu iliyokolea, mfumaji huichovya tena, na tena.

Kusini ya visiwa vingine, peke yake katikati ya bahari, kipo kisiwa cha Fair Isle chenye watu wapatao 50. Jina lake linajulikana duniani kwa ajili ya sweta zenye safu za maua, misalaba na nyota. Wapo wasimuliaji wasemao kwamba wenyeji walifundishwa michoro hiyo na Wahispania, kwa kuwa mwaka 1588 meli ya vita ya Kihispania iitwayo El Gran Grifón ilivunjika hapo. Ni hadithi tamu, lakini haina ushahidi. Siri ya kazi yenyewe ni rahisi kuitaja na ngumu kuitenda: katika mstari mmoja hazitumiki rangi zaidi ya mbili, hata kama sweta nzima ina rangi kumi. Uzi usiotumika hupita kwa nyuma, na hivyo vazi huwa na unene wa nyuzi mbili. Askari aliyewahi kushika lindo la alfajiri milimani ataelewa mara moja faida yake. Mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza alionekana akicheza gofu amevaa sweta ya Fair Isle, na kwa ghafla kila bwana wa mjini akaitaka.

Je, mfumaji alipata nini? Hapa historia ya Shetland haipendezi. Katika karne ya 19 mwanamke aliyepeleka shali au soksi kwa mfanyabiashara wa Lerwick kwa kawaida hakulipwa fedha. Alipewa chai, kitambaa au sukari, kwa bei aliyoipanga mwenye duka mwenyewe. Na kama hakutaka bidhaa siku hiyo, aliandikiwa karatasi ya kuja kuchukua bidhaa katika duka lile lile siku nyingine. Kwa kuwa karatasi na chai hazilipi kodi ya nyumba wala hazinunui viazi, wanawake walitembea na vifurushi vya chai kwa majirani wakitafuta wa kubadilishana naye. Mwaka 1872 serikali ilimtuma mchunguzi, na akina mama wakaja mbele yake kutoa ushahidi, wengine wakijua kwamba kesho watarudi kwa mfanyabiashara yule yule. Sheria ya mwaka 1887 ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo, ingawa desturi hiyo haikufa kwa siku moja.

Fedha taslimu zilikuja kwa wingi wakati wa vita. Katika Vita Kuu ya Pili askari wapatao 20,000 waliwekwa Shetland, karibu sawa na idadi ya wenyeji. Vijana hao waliona baridi, nao walikuwa na mishahara. Glavu, soksi na sweta ziliuzwa mlangoni pa nyumba, mkono kwa mkono, bila mtu wa kati. Wakati huo huo, kutoka mwaka 1941, mashua za uvuvi zilikuwa zikivuka bahari usiku kwenda Norwei iliyotekwa na Wajerumani, zikipeleka silaha na wapiganaji wa siri na kurudi na wakimbizi. Safari hizo ziliitwa Basi la Shetland. Ni katika miaka hiyo ya 1940 nyota kubwa ya Kinorwei ilipopendwa sana katika sweta za Shetland.

Kisha likaja tatizo ambalo si la njaa bali la shibe. Mafuta yaligunduliwa katika Bahari ya Kaskazini, na mwaka 1978 mafuta ya kwanza yakaingia katika kituo kikubwa cha Sullom Voe. Kazi za mshahara mzuri zikapatikana, na wanawake wengi wakaweka sindano chini. Nani angewalaumu? Mwaka 2010 halmashauri ya visiwa, ili kupunguza matumizi, ikaacha kulipia masomo ya kufuma katika shule za msingi. Ilionekana kana kwamba kizazi kile ndicho kingekuwa cha mwisho. Lakini wafumaji wazima walianza kuwakusanya watoto na kuwafundisha kwa kujitolea, na mwaka huo huo wa 2010 ikafanyika kwa mara ya kwanza Wiki ya Sufu ya Shetland.

Sherehe hiyo huwa kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Kila mwaka huchaguliwa mlezi, naye hubuni mchoro wa kofia ambao hutolewa mapema. Siku ya siku, katika mitaa ya Lerwick, watu kutoka Marekani, Japani na Ujerumani hupishana wakiwa wamevaa kofia ile ile, kila mmoja kwa rangi alizochagua, na bila kufahamiana husalimiana. Huenda mashambani kuwaona kondoo, hujifunza kutia rangi, hunywa chai katika kumbi za vijiji, na jambo lisilo dogo, hununua.

Hata hivyo hesabu ya mfumaji bado haijakaa sawa. Sweta moja ya Fair Isle ya kufumwa kwa mkono huweza kuchukua saa 100. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima Uingereza kilikuwa pauni 12 na peni 21 kwa saa. Kwa hiyo kazi hiyo ingestahili pauni 1,221 kabla ya kuhesabu uzi. Mama anayeiuza kwa pauni 500 amejilipa pauni 5 kwa saa, na uzi amejinunulia mwenyewe. Wengi siku hizi huona ni afadhali kuuza michoro na kufundisha wageni, na sweta wakawafumia wajukuu.

Paka naye ana sehemu yake katika maisha haya, wala si ya mchezo. Picha ya paka na donge la uzi hupendwa na watoto, lakini paka akiumeza uzi mrefu, utumbo wake hujikunja juu ya uzi huo na anaweza kufa. Uzi ukionekana ukining'inia mdomoni au nyuma yake, usivutwe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwa sababu hiyo mfumaji mwenye busara huweka nyuzi zake katika kikapu chenye kifuniko, na paka huachiwa sufu ghafi isiyosokotwa, ambayo ina mafuta yake ya asili na joto jingi, alale juu yake apendavyo.

Ipo saa moja tu ambapo hafukuzwi kwa upole. Sweta ya Fair Isle hufumwa kwa kuzunguka kama pipa, bila nafasi ya mbele wala matundu ya mikono. Inapokwisha, mwenyewe huilaza mezani, akachukua mkasi, akaikata katikati kutoka chini hadi juu. Mgeni anayetazama hushtuka na kusimama. Lakini sufu ya Shetland ina vinyweleo vinavyoshikana, na vitanzi havifumuki. Kisha vazi huoshwa, hutandikwa juu ya ubao wenye umbo la mwili wa mtu, na kutolewa nje penye upepo. Wakati wote huo mlango wa chumba umefungwa, na paka ameketi upande wa pili, akikwaruza.